Nafasi mbili zilizoachwa wazi: kisa cha namba za Kimeroe ndani ya Unicode

Mwaka 1964 unaandikika kwenye kompyuta kwa namba za Kimeroe, mwandiko wa ufalme wa kale wa Kushi. Alama nne zinatosha: ya 1000, ya 900, ya 60 na ya 4. Mwaka 1985 hauandikiki. Tatizo si fonti wala uzee wa simu. Alama ya 80 haimo kabisa kwenye Unicode, jedwali la dunia linaloipa kila alama ya maandishi msimbo wake wa kompyuta, na ya 90 haimo pia. Alama za 10 hadi 70 zimepangwa mfululizo, kisha zinakuja nafasi mbili tupu, U+109D0 na U+109D1, halafu orodha inaendelea na 100 kama vile hakuna kilichorukwa. Ukipiga hesabu, kati ya 1 na 999,999 kuna namba 200,000 kamili ambazo haziandikiki, moja katika kila tano: zote zile ambazo tarakimu yake ya makumi ni 8 au 9.

Anayeliona jedwali hilo kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu alisinzia kazini. Mimi nadhani ni kinyume chake. Nafasi hizo mbili ndizo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote katika kazi hii, na zilikuwa na gharama ambayo bado inaonekana kwenye jedwali kwa anayejua pa kutazama. Makosa yapo, ila yako kwingine, na nitayafikia.

Kwanza wenyewe walioandika. Meroe ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kushi, ukingoni mwa Nile, katika nchi ambayo leo ni Sudan. Aliyesoma Matendo ya Mitume sura ya 8 anamkumbuka yule towashi wa Kushi aliyekuwa akisoma garini, mwenye mamlaka chini ya Kandake, aliyewekwa juu ya hazina yake yote. Kandake ni cheo cha Kimeroe, na mtunza hazina wa malkia wa Kushi katika karne ya kwanza BK ndiye hasa mtu ambaye namba hizi zilimhusu. Kwa kuwa matumizi yake yalikuwa ya aina hiyo, hesabu za mali na mazao, namba za Kimeroe tunazipata zaidi kwenye maandishi ya kazi, yakiwemo yale ya wino juu ya vigae vya vyungu vilivyovunjika, kuliko kwenye kuta za mahekalu.

Wameroe walikuwa na miandiko miwili. Mmoja ulitumia picha kama hieroglifu za Misri na ulikuwa wa wafalme na ibada. Wa pili ulikuwa wa mkato, wenye asili katika kidemotiki, mwandiko wa Kimisri wa shughuli za kila siku, na huo ndio ulioandikia sehemu kubwa ya maandishi yaliyotufikia. Ulitumika tangu karne za mwisho kabla ya Kristo mpaka kwenye karne ya tano BK. Namba tulizonazo ni za mwandiko huu wa mkato.

Sauti za herufi zilifichuliwa na Mwingereza Francis Llewellyn Griffith kati ya 1909 na 1911. Msaada mkubwa aliupata kwenye kitako cha mashua ya ibada kutoka Wad ban Naqa, chenye majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore kwa Kimisri na kwa Kimeroe. Tangu hapo tunaweza kuyatamka maandishi haya. Kuyaelewa ni habari nyingine. Jiwe la Hamadab, lililosajiliwa na wataalamu kama REM 1003 na kutunzwa British Museum, linamtaja malkia Amanirenas na mkuu Akinidad, na bado sehemu kubwa ya sentensi zake haijafunguka. Mfaransa Claude Rilly ameonyesha kwamba Kimeroe ni ndugu wa lugha za Kinubi, pamoja na Kinara cha Eritrea na lugha za Kinyima na Kitama, na kwa mbali zaidi ukoo huo huunganishwa na lugha za Kiniloti kama Kijaluo na Kimasai. Undugu huo umesaidia kupata maana za maneno kadhaa, lakini msamiati unaoeleweka bado ni mdogo.

Namba zimekuwa rahisi kidogo kuliko maneno, kwa sababu namba zinajieleza. Zinafuatana kwa ukubwa, zinafanana na za kidemotiki, na mara nyingi zimekaa mwishoni mwa mstari baada ya jina la kitu. Unaweza usijue kilichohesabiwa ni nini na bado ukajua kilikuwa vingapi. Lakini njia hiyo ina mipaka yake. Namba isiyojitokeza kwenye kigae chochote kilichosomwa huwezi kuitolea umbo kichwani, hasa katika mwandiko wa mkato ambamo alama ya 70 haina lazima ya kufanana na ya 60. Ndivyo ilivyokuwa kwa 80 na 90. Kila mtu anajua mtunza hazina wa Kushi alikuwa na neno na alama ya themanini. Hakuna aliyeweza kuweka mezani picha ya alama yenyewe.

Hapo ndipo kisa chetu kinapoanzia, kwa sababu Unicode haipokei alama kwa kukisia. Unicode ni jedwali moja la dunia nzima linaloipa kila herufi na kila alama namba yake ya kudumu, ili maandishi yaliyotumwa kutoka kompyuta moja yafike kwenye nyingine yakiwa yaleyale. Sharti lake kuu ni kwamba msimbo ukishatolewa haufutwi, hauhamishwi, na jina lake halibadilishwi. Anayeleta pendekezo la mwandiko wa kale lazima aonyeshe alama ikiwa kwenye maandishi halisi.

Herufi za Kimeroe ziliingia kwanza, kwenye toleo la 6.1 la Januari 2012, baada ya pendekezo la Michael Everson, mtu ambaye jina lake utalikuta kwenye miandiko mingi ya jedwali hili. Mwandiko wa mkato ulipewa eneo la nafasi 96, kuanzia U+109A0 mpaka U+109FF (misimbo huhesabiwa kwa kumi na sita: 0 hadi 9, kisha A hadi F). Herufi 24 zilikaa mwanzoni, na alama mbili za neno zima zikawekwa U+109BE na U+109BF. Tazama walipoziweka. Hazikufuata herufi moja kwa moja. Zilisogezwa mbele mpaka mlangoni mwa U+109C0. Kwangu hiyo ni dalili kwamba tangu siku hiyo nafasi kuanzia C0 hadi FF zilikuwa zimeshawekewa namba, ingawa namba zenyewe zilikuwa bado kupitishwa. Kutoka C0 hadi FF ni nafasi 64.

Namba zilikuja miaka mitatu baadaye, kwenye toleo la 8.0 la Juni 2015. Nizihesabu taratibu, maana utamu wote uko hapa. Moja hadi tisa ni alama 9. Kumi hadi sabini ni 7. Mamia 9, maelfu 9, makumi elfu 9, malaki 9. Kisha sehemu za kumi na mbili, kuanzia 1/12 hadi 11/12, ni alama 11. Juu yake kuna alama ya peke yake ya nusu. Jumla: 64.

Alama 64, nafasi 64. Zingepangwa mfululizo bila kuruka, kila kitu kingejaa sawasawa na jedwali lingekuwa safi. Hawakufanya hivyo. Baada ya 70 iliyokaa U+109CF waliacha mbili, wakaiweka 100 kwenye U+109D2, na kwa hiyo alama mbili za mwisho zikakosa mahali. Haikuwezekana kuvuka U+109FF kwa sababu ng'ambo yake, U+10A00, kunaanza Kharoshthi, mwandiko wa kale wa kaskazini-magharibi mwa India, ambao ulikuwa umeshakaa hapo tangu 2005. Basi 11/12 na nusu zikarudishwa nyuma kwenye upenyo uliobaki kabla ya zile alama mbili za maneno, U+109BC na U+109BD. Ukienda kwa mpangilio wa misimbo mitupu, 11/12 inatangulia 1, na 10/12 iko mwisho kabisa wa eneo, nyuma ya 900,000.

Kwa maneno mengine, alama mbili zinazojulikana ziliondolewa kwenye foleni ili alama mbili zisizojulikana zitunziwe viti. Kama mwenye arusi anayemsimamisha mgeni aliyekwishafika kwa sababu kiti ni cha mjomba ambaye hakuna ajuaye kama atakuja.

Je, ilistahili? Nadhani ndiyo, na sababu yangu ni ya kiprogramu zaidi kuliko ya kihistoria. Makumi ya Kimeroe yalivyopangwa sasa, programu haihitaji kukariri jedwali: chukua tarakimu ya makumi, punguza moja, jumlisha kwenye U+109C9, na umepata msimbo. Sabini inaangukia U+109CF. Siku kigae chenye 80 kitakaposomwa na kukubaliwa, jawabu la kanuni hiyohiyo ni U+109D0, na 90 ni U+109D1. Zikipewa nafasi hizo, programu zilizoandikwa leo zitaendelea kufanya kazi bila mtu kugusa mstari mmoja. Nafasi zingefungwa, 80 ingetupwa mbali na makumi wenzake, na kila programu inayohesabu Kimeroe ingehitaji kiraka. Fujo ya 11/12 inajulikana leo, ni ya alama mbili tu, na inashughulikiwa mara moja. Fujo ya 80 ingekuja tarehe isiyojulikana, ikute watu wamekwishazoea.

Kuna anayeweza kuuliza kwa nini basi wasingeachana kabisa na alama nzima za 70 na 300, wakasimba vijistari tu ambavyo mtu angevirudia apendavyo. Kwenye miandiko fulani hilo lingewezekana, kwa mfano ile ambayo 4 ni mistari minne. Mwandiko wa mkato hauna huruma hiyo: mkono umekwisha kuviunganisha vipande mpaka alama ya makumi imekuwa kitu kimoja. Jirani wa karibu wa kulinganisha naye ni Kigeezi cha Ethiopia, ambacho namba zake ziko U+1369 hadi U+137C. Alama 20 tu: 1 hadi 9, 10 hadi 90, kisha 100 na 10,000. Kule mamia hupatikana kwa kuzidisha, unaandika 3 mbele ya 100, ndiyo maana alama chache zinafika mbali. Kigeezi pia hakikuwahi kufa. Makanisani Ethiopia namba hizo zinasomwa hadi leo, na 80 na 90 hazikuhitaji kutafutwa mchangani.

Sasa utendaji wake ndani ya kompyuta. Chukua 2379. Sisi tunaandika tarakimu nne, na thamani ya kila moja inategemea mahali ilipokaa. Mmeroe naye ana alama nne, lakini kila moja imebeba thamani yake yote: 2000 (U+109DC), 300 (U+109D4), 70 (U+109CF), 9 (U+109C8). Sufuri haimo wala haihitajiki. Kwa sababu hiyo Unicode haikuziweka katika kundi la tarakimu za desimali, zile zinazokuja kumikumi kutoka 0 hadi 9, bali katika kundi la namba nyinginezo. Tofauti hiyo inauma kwa vitendo. Ukiiuliza Python, lugha ya kuandikia programu, kama U+109CF ni namba, itakubali, na itakwambia thamani yake ni 70. Ukiiambia igeuze maandishi hayo kuwa namba kamili kama inavyogeuza "70", itakataa. Kujumlisha unafanya mwenyewe. Pia, katika njia mbili za kuhifadhi maandishi ya Unicode, kila alama inakula baiti nne katika UTF-8, na katika UTF-16 inagawanywa vipande viwili, kwa hiyo programu ya kizamani inayohesabu urefu wa maandishi kwa vipande itakwambia 2379 ina herufi nane.

Jambo la mwelekeo lina ladha yake kwa wasomaji wa pwani. Waliopita madrasa, au waliosoma barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, wanajua kwamba mwandiko unakwenda kutoka kulia lakini tarakimu zilizomo zinasomeka kutoka kushoto, na jicho huzoea kuruka. Kimeroe hakina mruko huo. Namba zake zimepewa tabia ileile ya herufi zake, kulia kwenda kushoto, na 2000 ndiyo inayosimama kulia kabisa. Mtengenezaji wa programu anayedhani "namba ni namba" na kuzipa zote tabia za tarakimu za Kiarabu atakuwa amepindua kila hesabu ya Meroe.

Nilisema makosa yako kwingine. Yako kwenye zile alama za sehemu za kumi na mbili, lakini si kila linaloonekana kosa ni kosa.

Kwanza lile lisilo kosa, ingawa linaonekana hivyo. Kuna alama ya 6/12, U+109FB, na kuna alama ya nusu, U+109BD. Kwa mwalimu wa hesabu hizo ni kitu kimoja. Kwa msomaji wa kigae ni alama mbili tofauti, na mwandishi alichagua moja. Unicode ilizitunza zote mbili, na kwenye orodha yake ya thamani ikaandika 6/12 hivyohivyo, bila kuirahisisha. Vilevile 2/12, 3/12, 4/12, 8/12, 9/12 na 10/12. Baadhi ya programu huzirahisisha zenyewe zinapozisoma, na hapo habari inapotea. Anayejenga hifadhidata ya maandishi ya Kimeroe asitafute kwa thamani peke yake, maana ataletewa nusu za aina mbili zimechanganyika kapuni. Atafute kwa msimbo.

Kasoro yenyewe naiona kwenye majina. Kila alama ya Unicode ina jina rasmi la Kiingereza, na waliozipa sehemu hizi majina waliziita waziwazi sehemu za kumi na mbili. Hiyo ni tafsiri ya wataalamu, na inaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini lugha hii bado inasomwa kwa kupapasa, na jina halirekebishiki. Hata kosa la tahajia halirekebishiki: alama U+FE18 iliingia ikiwa na herufi mbili zilizopinduana katika neno la Kiingereza la mabano, na itabaki hivyo, kilichowezekana ni kuiongezea jina mbadala pembeni. Kama kosa la kuchapa limeganda, tafsiri ya kitaalamu itaganda zaidi.

Njia nyingine ilikuwepo na ilishatumika. Linear A, mwandiko wa Krete ambao lugha yake haijulikani, uliingia kwenye toleo la 7.0 mwaka 2014, mwaka mmoja tu kabla ya namba za Kimeroe, na alama zake zimepewa majina ya namba za orodha ya wataalamu, AB001 na kuendelea. Jina kama hilo halidai kitu. Atakayegundua maana ataiandika kwenye orodha ya sifa, ambayo inaruhusiwa kusahihishwa, na jina halitamzuia. Kwa namba nzima za Kimeroe sioni ulazima wa tahadhari hiyo. 300 ni 300. Kwa alama za sehemu ningelipenda uangalifu uleule ulioacha U+109D0 tupu. Ajabu ni kwamba watu waliokataa kubuni umbo la 80 ndio walioyafunga majina 11 kwenye usomaji mmoja.

Mpaka sasa, kwa anayefanya kazi na maandishi haya, mambo mawili ya kuangalia. Akikuta mahali tarakimu ya makumi imefutika, asijaze 70 na 10 pamoja ili kupata 80, kwa sababu programu itayajumlisha na kutoa jawabu sahihi la kitu ambacho hakikuandikwa. Na akiwa na alama anayoamini ni 80, asiiweke U+109D0 kabla haijapitishwa. Jedwali lina maeneo ya matumizi binafsi, U+E000 hadi U+F8FF, yaliyotengwa kwa ajili ya alama ambazo bado hazina msimbo rasmi. Aiweke huko, apige picha ya kigae, aandike pendekezo. Kamati ya Unicode itataka kuona kigae kwanza.